Mengineyo

Baba hutengeneza kisu kimoja kwa siku kumi na tisa.
Mimi huandika risiti yake kwa dakika nne.

Chuma: euro thelathini na moja.
Pembe ya kondoo dume aliyekufa kwa uzee wake
kwenye malisho ya Bultei: euro kumi na tano na chupa ya divai.
Gesi, msasa, mafuta ya kitani. Kodi ya serikali.
Jumla haifiki mia na ishirini.
Daktari wa meno wa Torino ametuma elfu moja na mia nane
na kuuliza kama zinatosha.

Basi pana shimo katika hesabu,
na kila mwezi nalifukia kwa neno moja: mengineyo.

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, husemwa.
Hiki hakitaonja nyama. Hakitajua utomvu wa chungwa,
wala kamba ya mzigo, wala ule mkate mkavu wa wachungaji
unaopasuka kama kigae.
Kitalala juu ya mahameli, droo ya tatu,
kando ya ndugu zake kumi na wawili,
kikali bure,
kama binti aliyesomeshwa hadi chuo kikuu
akaozwa kwa mtu asiyemsemesha.

Na ukali wenyewe si shida.
Dukani kwa Assunta kuna kisu cha mpini mwekundu wa plastiki,
euro sita, kinapita katikati ya kitunguu
kabla kitunguu hakijajua.
Baba anacho. Ndicho anachokatia jibini.
Siku mteja alipomfuma nacho mezani
hakuona haya. "Kile kingine," alisema,
"mimi sina uwezo wa kukinunua."

Nilidhani wananunua ile dakika
pembe inapolainika juu ya moto
na baba anaacha kupumua ili ainyooshe.
Au mlio wa bapa likirudi mpinini: tak,
kama ulimi wa mtu aliyekwisha kuamua.
Niliamini hivyo miaka mingi. Niliwaheshimu.

Kisha baridi ya Januari ikamwingia kifuani
na simu zikaanza. Torino, Lugano,
bwana mmoja wa Osaka
kwa Kiitaliano cha kujifunza kitabuni.
"Mzee anaendeleaje?"
Nasema anakohoa.
Kimya.
"Je, kuna kilichobaki?"

Kilo ya chuma haikupanda. Pembe haikupanda.
Kikohozi ndicho kilichopanda, na bei nayo,
bega kwa bega, ngazi kwa ngazi,
mpaka nikaogopa kupokea simu nikiwa na furaha.

Baba anajua. "Nikifa," ananiambia, "uza polepole."
Anacheka, hadi kikohozi kinapomkumbuka.

Mwezi Machi, Barore mchungaji aliingia kunolewa kisu.
Baba alimtengenezea marehemu baba yake, mwaka sabini na moja.
Kimenolewa sana, bapa limekonda
kama jani la mzeituni, na mpini umeingia shimo
pale dole gumba la watu wawili lilipokaa.
Daktari wa meno alikuwepo. Alikitazama
kama mtu anayesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.
"Elfu tatu," alisema. Hapo hapo, bila kukaa.

Barore alikiinua dirishani, akafumba jicho moja.
"Kimebakiza miaka minane hivi," akajibu.
"Baada ya hapo uje uchukue mpini."

Baba alimtoza senti ishirini,
kwa kuwa kisu hakipokelewi bure, hukata urafiki.
Nikavuta kitabu cha risiti.
Kunoa: senti ishirini. Nikashuka mstari wa pili,
nikaandika *mengineyo*, nukta mbili,
kalamu ikasimama.

Barore hakungoja. Kondoo wake walikuwa barabarani,
na nyuma yao lori likipiga honi.